Umetoka kikosini, sasa uko mezani kwa vijana: mwongozo wa askari mgeni kwenye usaili wa JKT

Kila tangazo la vijana wa kujitolea Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) linapotoka, simu yangu haipoi. Wanaopiga siku hizi ni askari wenzangu: koplo aliyekaa kikosini miaka 15, sajenti aliyerudi juzi kutoka ulinzi wa amani, leo wamepangwa ofisi ya Mshauri wa Jeshi la Akiba wilayani, ile inayoshughulika na mgambo, na wameambiwa watasaidia usaili. Swali ni lile lile. "Afande, naanzia wapi?"

Nimejibu kwa simu mpaka vocha zimeisha, zao na zangu. Sasa naandika mara moja, atakayeuliza asome hapa.

Mimi nimetumikia miaka 29, sita ya mwisho nikiwa kwenye ofisi hiyo katika wilaya mojawapo ya mkoa wa Mbeya. Nimestaafu, nalima viazi. Humu hamna siri ya kazi, kwa hiyo usisome ukitarajia. Kuna mambo ya kwenye tangazo, ambayo kila mtu anaweza kuyasoma, na mambo niliyojifunza kwa kukosea.

Jambo moja ulishike kwanza. Kwenye sinema za Marekani utaona askari akizunguka mashuleni kubembeleza vijana wajiunge. Kwetu habembelezwi mtu. Utafika uwanjani saa kumi na moja alfajiri na utakuta wameshajipanga, wengine wamelala pale pale na blanketi. Nafasi za wilaya nzima ni chache. Kwa hiyo usijidanganye kwamba kazi yako ni kuchagua, maana kuchagua ni dakika chache. Muda wako mwingi utautumia kukataa, na unaowakataa ni watoto wa watu unaokutana nao sokoni, kanisani, msikitini na kwenye daladala ya Uyole. Ukijua kukataa vizuri, umeijua kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Tangazo lenyewe, lililochapishwa na makao makuu ya JKT, kwenye karatasi. Lile lililosambazwa kwenye kundi la WhatsApp lisikuingie mkononi, hata kama linafanana.
- Maelekezo ya maandishi ya wilaya yako: nafasi ngapi, tarehe gani, nani yuko kwenye jopo. Shughuli yote inaratibiwa na ofisi ya Mkuu wa Wilaya pamoja na Kamati ya Ulinzi na Usalama. Wewe ni mkono wao. Usijifanye kichwa.
- Kaunta buku jipya, lile la kurasa nyingi, na kalamu za rangi mbili.
- Tepu ya kupimia, mizani iliyojaribiwa (jipime wewe kwanza, kisha mpime mwenzako), chaki, na simu yenye saa ya kuhesabu mbio.
- Watu: mganga kutoka hospitali ya wilaya, mtu wa ofisi ya elimu, na askari wa kike. Huyo wa mwisho si hiari. Kama hayupo, wasichana hawapimwi siku hiyo.
- Ndoo mbili za maji safi, vikombe, glukosi.
- Benchi la wazazi, mbali na meza. Nitaeleza kwa nini.

Hatua kwa hatua

1. Soma tangazo mara tatu, kalamu mkononi

Mara ya kwanza soma tu. Mara ya pili piga mstari chini ya kila sharti. Mara ya tatu geuza kila sharti kuwa swali la ndiyo au hapana: ni raia? Umri wake kwa kiwango chake cha elimu umo? Ana vyeti halisi? Ana afya na akili timamu? Aliwahi kutiwa hatiani? Ana michoro mwilini? Aliwahi kutumikia JKT au chombo kingine?

Umri ndio unaowachanganya wengi. Kikomo hakifanani: aliyeishia kidato cha nne ana kikomo cha chini kuliko mwenye stashahada, na mwenye stashahada yuko chini ya mwenye shahada. Namba hizo hubadilika tangazo kwa tangazo, kwa hiyo usitumie za mwaka jana zilizobaki kichwani. Chora jedwali dogo, libandike mezani mbele yako.

2. Shusha sauti

Nakuambia kama kaka. Ile sauti ya gwaride uliyoijenga miaka yote iache getini. Kijana wa miaka 18 kutoka Isangati au Busokelo hajawahi kusimama mbele ya sare. Ukimfokea, anaganda, na ukishamgandisha huwezi tena kujua ana nini kichwani.

Mwaka wangu wa kwanza kuna kijana nilimuuliza jina kwa sauti ya uwanja wa paredi. Alinyamaza. Nikarudia, kubwa zaidi. Machozi yakamtoka, nikaandika "hajiamini", nikasema anayefuata. Jioni mtendaji wa kata yake akaniambia kwa upole kwamba kijana yule ana kigugumizi, na kwamba ndiye anayewatengenezea mashine ya kusaga kijiji kizima. Mama yake anauza nyanya sokoni Mwanjelwa. Hakuwahi kunitukana. Aliacha tu kuniita, na kwa mwaka mzima nikawa nazunguka upande wa pili wa soko kununua nyanya.

Salamu ni nusu ya kazi. Vijana watakupa "shikamoo afande", itikia marahaba, usiivuke. Mzee akija, muamkie wewe kwanza, hata kama una nyota begani. Ukiwa Tukuyu au Kyela ukasema "mugonile", ukiwa upande wa Njombe au Iringa ukasema "kamwene", milango inafunguka. Mimi ni mtu wa Tabora, nilijifunza ukubwani, wakanicheka, wakanisaidia.

3. Zunguka kata kabla ya siku yenyewe

Usisubiri waje na uongo waliojazwa na wengine. Nenda na mtendaji wa kata kwenye gulio, omba dakika tano baada ya ibada, pita shuleni. Sema mambo machache, yale yale kila mahali:

- JKT ya kujitolea ni mafunzo ya ulinzi na stadi za kazi. Mkataba ni wa miaka miwili.
- JKT haiajiri na haimtafutii mtu ajira. Hili limo kwenye tangazo kila mwaka, na kila mwaka watu wanaliruka.
- Waliomaliza kidato cha sita wanaokwenda kwa mujibu wa sheria wana orodha yao na makambi yao. Hao hawapiti kwenye usaili huu.
- Kambi haichaguliwi. Kijana wa Mbeya anaweza kupangwa Itende, 844 KJ (namba ya kikosi cha jeshi), akasikia adhana ya nyumbani. Anaweza pia kupelekwa Bulombora kule Kigoma.
- Nafasi haiuzwi. Mtu akikuomba hela, awe na sare au hana, ni tapeli.

Hilo la pili lirudie mpaka uchoke. Ni kweli kwamba majeshi yetu mara nyingi yakitangaza nafasi huchukua vijana waliopitia JKT, na ndiyo maana uwanja unajaa. Lakini wako wengi wanaomaliza miaka miwili na kurudi nyumbani. Kijana akijua hilo kabla ya kupanda basi, atashika kujifunza ushonaji, ufugaji au useremala kule kambini kwa mikono miwili. Akidanganywa, atakaa miaka miwili akingoja simu.

Wazee nao watakuuliza mambo yao. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, kabla hata ya JWTZ, iliyozaliwa tarehe 1 Septemba 1964, na wazee wengi waliosoma walipita Mafinga au Itende kwa lazima, kabla utaratibu ule haujasitishwa 1994 na kurudishwa 2013. Watakueleza habari za uji wa kambini na mchakamchaka mpaka jua lizame. Wasikilize. Wakitoka hapo wanakuwa wasemaji wako bila malipo.

4. Andaa uwanja

Fupi: kamba ya foleni, namba za chaki au karatasi, vyoo viwili, kivuli. Ikiwa ni kipindi cha mvua, tafuta darasa au ukumbi wa kata, kwa sababu karatasi zikilowa zimekwenda. Anza saa kumi na mbili na nusu, uwape namba waliotoka mbali kwanza. Kijana aliyetoka ndani kule Makongolosi ameamka usiku au amelala kwa shangazi yake mjini, na nauli ya kulala siku ya pili hana.

Wazazi wakae kwenye lile benchi. Mama akisimama nyuma ya mwanawe, atajibu yeye.

5. Meza ya vyeti

Hapa ndipo utakapokosea. Kikosini hukuwahi kusoma vyeti, ulisoma ramani. Basi visome kama ramani: pole pole, kwa mpangilio ule ule kila mara.

Panga vyote mezani kwa mstari: cha kuzaliwa, cha kumaliza shule ya msingi, cha sekondari, kitambulisho cha taifa cha NIDA, barua ya utambulisho ya mtendaji. Pitia majina ya vyote kwanza. Kisha tarehe za vyote. Kisha picha na mihuri. Usisome cheti kimoja mpaka mwisho ndipo uhamie kingine, macho yatakuhadaa.

*Namba ya NIDA.* Tarakimu nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Namba ikianza na 20060314, basi mwenye nayo kaandikishwa kuwa amezaliwa tarehe 14 Machi 2006. Linganisha na cheti cha kuzaliwa. Ni sekunde tano, na imenionyesha mengi kuliko lenzi yoyote.

*Namba ya mtihani.* Ya sekondari inaanza na herufi, kisha kituo, kisha namba ya mtahiniwa, kisha mwaka. S ni mwanafunzi wa shule. P ni mtahiniwa wa kujitegemea. P si kosa, usimkunjie mtu uso kwa ajili yake. Matokeo yapo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA. Fungua mwaka, fungua kituo, linganisha alama na zilizo kwenye cheti. Mtandao ukisumbua, andika namba kwenye kaunta buku uhakiki jioni.

*Cheti cha kuzaliwa.* Kina tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuandikishwa. Askari wageni wanaona kimeandikishwa mwezi uliopita, wanapiga kelele kuwa ni cha kughushi. Taratibu. Watoto wengi wa vijijini wamepata vyeti ukubwani, shule au mkopo ulipodai. Kuandikishwa kwa kuchelewa si jinai. Ukitilia shaka, RITA, wanaosajili vizazi na vifo, wanahakiki. Wewe andika "kihakikiwe", usiandike "feki".

*Majina.* Huku kwetu hili ni shamba kubwa. Cheti cha msingi kina jina la baba, cha sekondari kina jina la ukoo linaloanza na Mwa-, NIDA ina yote mawili. Tena kuna zile L na R: mwalimu mmoja kaandika Gabriel, mwingine kaandika Gabliel, na mwenyewe ukimuuliza analitamka katikati. Tofauti ya herufi moja, kila kitu kingine kikikubaliana, mpeleke akaape kiapo cha majina kwa hakimu au wakili arudi nacho. Jina tofauti kabisa na tarehe tofauti, hapo kuna mtu wa pili.

Nilimpata mtu wa pili mara moja. Kijana mrefu, vyeti safi vimefungwa plastiki, picha inafanana naye kiasi cha haja. Kilichonisumbua ni kwamba kila nikitaja lile jina, alichelewa kidogo kuitika. Nikaacha ya vyeti nikamuuliza: "Pale sekondari, mwalimu wa zamu mlimpa jina gani la utani?" Akasema hawakuwa na tabia hiyo. Shule ya sekondari Tanzania hii isiyo na mwalimu mwenye jina la utani! Nikauliza kengele ilikuwa ya chuma cha reli au ringi ya gari. Kimya. Vilikuwa vya kaka yake, aliyekuwa anaendesha bodaboda mjini na hakuvihitaji.

Maswali ya namna hiyo hayamdhalilishi mtu mkweli. Mkweli anacheka, anakueleza na ya ziada.

*Angalizo:* vyeti halisi usibaki navyo. Vione, chukua nakala, mrudishie mkononi mwenyewe, atie sahihi. Ofisi moja niliyopita walikaa na vyeti vya vijana "kwa usalama". Vikaliwa na mchwa. Kijana aliyepoteza cheti cha kidato cha nne mikononi mwa askari hawezi kukusamehe, na ana haki.

6. Mwili

Pima kimo na uzito, waone wakitembea, wakichuchumaa na kunyanyuka. Mengine mwachie mganga. Wewe hujasomea moyo wala macho. Asiyetofautisha nyekundu na kijani huwezi kumgundua kwa kumtazama, na mwenye nyayo bapa si lazima ashindwe kukimbia. Daktari akisema hapana, ni hapana. Akisema ndiyo, usijitie udaktari.

Michoro mwilini ni sharti la tangazo. Ila jua kutofautisha mchoro na chale. Nyanda hizi mtoto aliyeugua degedege huchanjwa na bibi yake, alama zikabaki kifuani. Andika unachokiona, mahali na ukubwa, jopo liamue. Wasichana waangaliwe na askari wa kike, chumbani, mlango umefungwa, na wewe uko nje.

Mbio zina mtego wa milima. Kyela iko chini, karibu na ziwa, kama mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni zaidi ya 1,700. Usaili wa mkoa ukifanyika mjini, kijana wa Kyela aliyezoea kukimbia kwenye mchanga wa Matema ataanza kwa kasi, na mzunguko wa pili atashika mbavu. Si mvivu. Wa Isangati, aliyekulia kwenye miinuko, atampita akiwa amefunga mdomo. Ukiwa wilaya ya chini, waambie vijana wako wafike mjini siku moja kabla, waanze taratibu, na wasije na tumbo tupu. Uji asubuhi unatosha.

7. Maswali ya mdomo

Dakika tatu hadi tano kwa kila mtu. Usimuulize nani alikuwa rais wa pili, amekariri. Muulize juzi aliamka saa ngapi akafanya nini. Muulize shamba lao lina ukubwa gani na mwaka huu wamepata magunia mangapi. Muulize mara ya mwisho kugombana na mtu ilikuwaje. Kisha nyamaza.

Swali la "kwa nini unataka JKT" liulize mwisho. Wote watasema wanaipenda nchi yao. Wanaipenda, sina shaka. Anayeongeza kwamba nyumbani kuna wadogo wanne na anataka fundi uashi wa kumfundisha, huyo amefikiri.

8. Kukataa

Nimeahidi kwamba hii ndiyo kazi. Kanuni zangu ni nne.

Sema siku hiyo hiyo. Usimwambie mtu "tutakupigia" na unajua hutampigia.

Toa sababu moja, ya kweli, iliyomo kwenye tangazo. "Umri umepita miezi mitatu" inamezeka, hata kama inamkwama mtu kooni. "Hujafikia vigezo" haimezeki. Atatoka hapo akisema nafasi zimeuzwa, na kijiji kitamwamini.

Usiseme "jaribu mwakani" kabla hujapiga hesabu. Ukimwambia hivyo ambaye mwakani atakuwa amepita umri, umemfunga kamba mwaka mzima. Angalia jedwali lako. Kama mwakani umri wake bado umo, mwambie cha kurekebisha: jina, cheti, kifua. Kama haumo, mwambie haumo, kisha mwonyeshe mlango mwingine: vyuo vya ufundi vya VETA, au mafunzo ya mgambo ya wilaya, ambayo nayo usiyaahidie ajira.

Mkatalie akiwa ameketi. Sijui kwa nini, lakini anayesimama anasikia amefukuzwa.

9. Orodha

Andika majina usiku ule ule, jopo likiwa bado pale. Kila mmoja atie sahihi chini ya jina la mwisho na mstari upigwe, ili lisiongezwe jingine. Kalamu nyekundu kwa waliokataliwa na sababu yake. Nakala moja wilayani, moja inakwenda mkoani, na kaunta buku linabaki ofisini chini ya kufuli.

10. Waliopata

Wape orodha ya vifaa iliyomo kwenye tangazo la kuripoti, na wasomee kwa sauti, kwa sababu wananunua hovyo. Kwa kawaida ni bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, inayofika magotini, ina mfuko mmoja nyuma na haina zipu. Fulana ya kijani. Raba za kijani au bluu. Shuka mbili za bluu bahari. Soksi ndefu nyeusi. Suti ya michezo ya kijani au bluu. Nguo za baridi kwa makambi ya baridi. Na nauli ya kwenda na kurudi. Kijana wa Mbarali aliyezoea jua la mashamba ya mpunga akipangwa Mafinga, 841 KJ, mwambie asilete masihara na sweta. Mwezi wa saba kule ukimwaga maji ya kunawa unaona moshi.

Nauli ya kurudi ina sababu yake: kambini vyeti na afya vinaangaliwa upya, na wapo wanaorudishwa. Mwambie kijana asiuze baiskeli yake bado.

Ikikwama

*Umeletewa kimemo.* Kitakuja. Karatasi ndogo, au simu ya mtu mzito: "Huyo ni kijana wetu." Usibishane. Itikia vizuri, muulize kijana namba yake ya foleni, mweke pale pale alipo. Akifaa, kafaa kwa vyeti vyake. Akikosa, mjulishe mwenyekiti wa jopo kwamba kuna simu imepigwa, umalizie hapo. Mara zote sita nilizofanya hivyo nilinuniwa wiki mbili, kisha ikapita.

*Umewekewa bahasha, au jogoo.* Jogoo ndiye mgumu, maana kwa mila zetu kumrudisha mgeni na zawadi ni tusi. Mwambie mzazi kwa heshima: "Mama, huyu nitamla siku nitakayokuja kukutembelea nikiwa sina kalamu mkononi." Bahasha haina methali: irudishe mbele ya shahidi na utoe taarifa. Na kwa wasichana nasema wazi, maana wapo wenzetu walioharibu: kuomba ngono kwa ajili ya nafasi ni rushwa, iko kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Namba ya simu ya mwombaji wa kike usiwe nayo kwenye simu yako binafsi. Ya nini?

*Tapeli anatumia jina lako.* Siku moja utapigiwa na mzazi akuulize kama "ile laki tatu" imefika. Usikasirike naye. Mwombe namba iliyopokea na ujumbe wa muamala, nenda naye polisi siku hiyo, na mjulishe mkuu wako kwa maandishi kabla uvumi haujafika. Kisha rudi kwenye gulio lile lile, utangaze.

*Cheti kimeungua au kimeibiwa.* Taarifa ya polisi kwanza, kisha NECTA kwa cha mtihani, RITA kwa cha kuzaliwa. Haitamalizika ndani ya wiki ya usaili, mwambie ukweli huo. Usipokee nakala isiyo na halisi kwa huruma. Itamrudisha kutoka kambini akiwa ameshatumia nauli.

*Kata moja haileti mtu.* Usiseme hawapendi. Mara nyingi tangazo limekaa mezani kwa mtendaji, au ni wakati wa mavuno ya mpunga na kakao, na kijana hawezi kuacha shamba la baba. Nenda mwenyewe Jumapili.

*Kijana kaanguka kwenye mbio.* Simamisha mbio zote. Kivulini, miguu juu, mganga. Glukosi ni kwa aliyezinduka na anayeweza kumeza. Muulize alikula nini; mara nyingi hajala tangu jana mchana. Hafutwi kwa kuanguka, anafutwa kwa neno la daktari.

*Mwombaji ni ndugu yako.* Mpwa wangu alijipanga foleni mwaka wangu wa nne, bila kuniambia, namba 112. Nilisimama, nikamwambia mwenyekiti wa jopo mbele ya wote, nikatoka nje mpaka alipomalizika. Alikosa kwa macho. Dada yangu alinipigia usiku, hakusalimia. "Sasa wewe uko hapo kufanya nini?"

*Wa mwaka jana karudi.* Fungua kaunta buku la mwaka jana, soma wino mwekundu. Kama ulimwambia alete kiapo cha majina na amekileta, hiyo imekwisha, usimtafutie jingine. Mpe namba, apange foleni.